Baipola: ugonjwa unaopoa na kurudi, na jinsi unavyotuchanganya

Baipola ni ugonjwa wa akili wenye vipindi vya kuchangamka kupita kiasi na vipindi vya sonona, yaani moyo kuzama na hamu ya kila kitu kwisha. Kipindi chake hata kisipotibiwa huwa na mwisho wake. Kile cha kuchangamka kupita kiasi kinaweza kuchukua wiki kadhaa hadi miezi kadhaa, cha sonona kinaweza kufika nusu mwaka au zaidi, kisha mtu anarudi katika hali yake. Anaoga, anafungua duka, anasalimia majirani kana kwamba hakuna lililotokea. Sasa angalia alikuwa mikononi mwa nani siku hiyo. Kama alikuwa kwa mganga, basi dawa ya mganga imefanya kazi. Kama alikuwa kwenye maombi ya kufunga, pepo limetoka. Kama alikuwa anameza vidonge vya hospitali, ndugu wanasema amepona, aviache asije akavizoea. Baada ya miezi minane hali inarudi, na kila mmoja ana maelezo: masharti yamevunjwa, imani imepungua, vidonge vimemharibu kichwa.

Hapo hakuna aliyesema uongo. Ugonjwa wenyewe una tabia ya kuondoka na kurudi, na anayeutazama mara moja moja lazima umpotoshe. Unyanyapaa mwingi unaanzia hapo hapo. Jirani wa Chang'ombe au Nkuhungu hapa Dodoma anamjua mgonjwa kwa wiki zile mbili za kelele. Miaka mitatu aliyokaa salama, akilipa ada za watoto na kuchangia misiba, haiingii kwenye hesabu.

Kupanda na kushuka

Kupanda ndiko madaktari wanakoita mania. Ili hali iitwe hivyo lazima idumu angalau wiki moja mfululizo, karibu siku nzima kila siku, au iwe kali kiasi cha kulazwa hata kabla wiki haijaisha. Dalili inayotangulia zote ni usingizi. Mtu analala kwa muda wa saa mbili au tatu tu na anaamka hana uchovu wowote. Hii ni tofauti na mwenye mawazo anayekosa usingizi, maana yeye asubuhi anaamka amechoka na analalamika. Mwenye mania halalamiki; anashangaa nyinyi mnalala ili iweje.

Kisha yanakuja maneno mengi yasiyokatizika, mawazo yanayorukia huku na kule, na mipango. Chukua mama anayeuza viungo soko la Majengo, mwenye daftari lake la madeni na kikoba chake cha Jumamosi. Ndani ya wiki moja anataka kukodi lori apeleke zabibu Dar, anachukua mkopo wa kausha damu wenye riba ya kuumiza, anauza kiwanja chake cha Nala kwa nusu ya bei, na saa tisa usiku anapigia watu simu kuwagawia vyeo kwenye kampuni ambayo haipo. Ukimzuia anawaka hasira ambazo hujawahi kuziona kwake. Wengine husikia sauti, au huamini wamepewa ujumbe na Mungu wa kuupeleka Bungeni.

Iko kupanda kwa chini zaidi, ambako hudumu siku nne au zaidi bila kumharibia mtu kazi wala kumlaza hospitali. Hii huwaponyoka wengi kwa sababu inasifiwa. Bosi ofisini kwenye mji wa serikali wa Mtumba anafurahi kuona ripoti zimeandikwa usiku kucha. Mtu mwenye vipindi vya aina hii pamoja na vipindi vya sonona ana baipola aina ya pili, na wengi wao hutibiwa sonona peke yake kwa miaka.

Kushuka ni sonona ya angalau wiki mbili: hamu ya kila kitu imekwisha, usingizi umezidi au umekatika, chakula hakipiti, mtu anajiona mzigo. Kwetu wengi hawaji wakisema wana huzuni. Wanasema kichwa kinawaka moto, mwili hauna nguvu, moyo unakwenda mbio. Zahanati wanapimwa malaria, taifodi na yutiai (maambukizi ya njia ya mkojo), wanapewa dawa, wanarudi wiki ya pili na malalamiko yale yale. Kwa wagonjwa wengi sonona ndiyo inayokula sehemu kubwa ya maisha yao kuliko mania, ila kwa kuwa haina kelele, hakuna anayeisimulia.

Hali ya hatari zaidi ni pale viwili vinapokutana: mwili umechangamka, hautulii, huku moyo umezama. Mtu ana mawazo ya kifo na wakati huo huo ana nguvu za kuyatekeleza.

Anayecheka asubuhi na kununa jioni hana baipola kwa sababu hiyo tu. Vipindi huhesabiwa kwa siku na wiki. Na si kila anayechanganyikiwa ghafla ana ugonjwa wa akili. Akiwa na homa, degedege, maumivu makali ya kichwa, au hajui leo ni siku gani na yuko wapi, huyo ni mgonjwa wa dharura wa kawaida: malaria kali, homa ya uti wa mgongo, sukari kushuka. Akimbizwe hospitali ya karibu kwanza. Virusi vya UKIMWI, kaswende na ugonjwa wa tezi ya shingo navyo vinaweza kuiga baipola, ndiyo maana daktari makini huagiza vipimo vya damu kabla ya kutoa jina la ugonjwa, hasa kama mtu amepata mania ya kwanza akiwa ameshapita miaka 50.

Ukoo, posa na hesabu yake

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 duniani walikuwa na baipola. Mara nyingi huanza kati ya miaka ya mwisho ya sekondari na miaka ya ishirini, yaani umri wa chuo, kazi ya kwanza na posa. Wanaume na wanawake hupata karibu sawa.

Ugonjwa unafuata damu, hilo ni kweli, na ni ukweli unaotumiwa vibaya wazee wanapotumwa kuchunguza ukoo wa binti. Mtoto ambaye mzazi wake mmoja ana baipola ana uwezekano wa takriban 10 kati ya 100 wa kuupata. Maana yake 90 hawaupati. Shinikizo la damu na kisukari navyo hutembea kwenye koo, na sijasikia posa ikirudishwa kwa sababu babu alikuwa na presha.

Kurithi ni mwelekeo tu. Kinachoamsha kipindi mara nyingi kinajulikana. Kukosa usingizi kunaongoza. Kisha kuacha dawa ghafla, bangi na mirungi, pombe nyingi, na kujifungua. Mama mwenye baipola aina ya kwanza, yaani ile yenye mania kamili, ana hatari ya karibu mmoja kati ya watano ya kuchanganyikiwa vibaya wiki chache baada ya kujifungua, kwa hiyo mpango wa dawa na wa nani atakesha na mtoto usiku uwekwe kliniki kabla mimba haijafika miezi ya mwisho.

Kufika kwa mtu sahihi

Kosa linalotokea sana ni hili: mgonjwa anakuja akiwa amezama, haulizwi kuhusu kupanda, anapewa dawa ya sonona kama amitriptilini peke yake. Kwa mwenye baipola dawa hiyo isiposindikizwa na ya kutuliza hisia inaweza kumrusha hadi kwenye mania ndani ya wiki chache. Mgonjwa mwenyewe hawezi kumkumbusha daktari, kwa sababu siku zake za kupanda anazikumbuka kama siku nzuri.

Kwa hiyo asiende peke yake. Anayemsindikiza awe anaishi naye, na aende na mambo aliyoyaandika: vipindi vilivyopita na takriban mwezi na mwaka wake, saa za kulala za wiki mbili zilizopita, dawa zote alizowahi kumeza zikiwemo za mitishamba, na nani kwenye ukoo amewahi kulazwa au kujiua. Karatasi moja ya daftari inatosha. Inaokoa miaka.

Mlango wa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, ya mkoa, na ikibidi Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, ambayo iko Dodoma mjini tangu mwaka 1927. Ukaribu huo ni faida ambayo mikoa mingi haina, na sisi tumeugeuza utani: mtu akibishana kidogo kwenye daladala anaambiwa dawa yake iko Mirembe. Wengi wanaohudhuria pale huonana na daktari, huchukua dawa na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Isanga, inayotajwa kwa woga zaidi, ni sehemu ya wanaoletwa kupitia mahakama. Mtu wa kawaida anayekwenda kliniki hapelekwi huko. Asiye na uwezo wa kulipa aulizie ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla hajakata tamaa dirishani.

Dawa, na jua la Dodoma

Lithiamu ni chumvi. Daktari John Cade wa Australia aliandika mwaka 1949 kwamba inatuliza mania, na hadi leo ndiyo yenye ushahidi mzito wa kuzuia vipindi visirudi na kupunguza vifo vya kujiua. Ugumu wake ni kwamba kiwango kinachotibu na kinachodhuru vinakaribiana. Kwenye damu hutakiwa milimoli 0.6 hadi 0.8 kwa lita kwa aliyetulia, na wakati wa mania inaweza kuruhusiwa kufika 1.0. Ikipita 1.5 ni sumu. Damu hutolewa saa 12 baada ya dozi ya mwisho: aliyemeza saa mbili usiku atolewe saa mbili asubuhi kabla hajameza nyingine. Akimeza asubuhi kisha akapimwa saa nne, namba itasoma juu kuliko hali halisi na dozi itapunguzwa bure. Mwanzoni hupimwa kila wiki hadi kiwango kitulie, halafu kila miezi mitatu kwa mwaka wa kwanza. Figo na tezi hupimwa kila miezi sita. Mahali ambapo maabara haiwezi kupima, daktari huchagua dawa nyingine, na anafanya vizuri.

Jua linaingiaje hapa? Figo huishughulikia lithiamu karibu sawa na chumvi ya kawaida. Mwili ukipungukiwa maji na chumvi, figo huirudisha chumvi kwenye damu na lithiamu inarudi pamoja nayo. Mtu anayefyatua tofali au kusafisha shamba huko Bahi mwezi Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, anaweza kumeza vidonge vile vile alivyomeza Juni na jioni kiwango kikawa kimepanda. Anywe lita mbili hadi tatu kwa siku, akianza asubuhi bila kungoja kiu. Asiache chumvi ghafla kwa sababu mtu kamwambia ni mbaya kwa presha. Akiharisha au kutapika, asimeze dozi inayofuata. Aende kituo cha afya siku hiyo. Anayetaka kufunga Ramadhani azungumze na daktari wiki kadhaa kabla, si siku ya mwezi kuandama.

Mtego mwingine uko duka la dawa. Mgongo ukiuma, mfanyakazi wa shamba hupewa diklofenaki au ibuprofeni bila maswali, na zote mbili hupandisha lithiamu. Baadhi ya dawa za presha, kama enalapril, losartan na zile za kukojosha, hufanya vivyo hivyo. Kwa maumivu, panadol ni salama zaidi. Vidole kutetemeka kidogo ni kawaida ya dawa. Mikono kutetemeka kwa nguvu, kupepesuka, ulimi kuwa mzito, kutapika, kuharisha na kusinzia ni dalili za sumu, na hapa watu hukosea vibaya: wanamwona anayumba, wanasema amelewa, wanamwacha alale. Apelekwe hospitali.

Kabamazepini, dawa nyingine ya kutuliza hisia, inaweza kuleta upele mkali, zaidi katika miezi miwili ya kwanza. Upele ukitokea pamoja na homa au vidonda mdomoni, dawa isimezwe tena na mgonjwa aende hospitali mara moja. Pia inapunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango, na ya dawa ya virusi vya UKIMWI iitwayo dolutegravir. Mpe taarifa kila anayekuandikia dawa. Valproeti, nayo ya kutuliza hisia, ni nzuri kwa mania lakini kwa mwanamke anayeweza kushika mimba ni dawa ya kuepukwa: karibu watoto 10 kati ya 100 waliokutana nayo tumboni huzaliwa na kasoro za mwili, na 30 hadi 40 kati ya 100 hupata matatizo ya kukua kiakili. Msichana wa miaka 19 anayeandikiwa valproeti ana haki ya kuuliza kwa nini si nyingine. Ila asiiache mwenyewe ghafla.

Haloperidoli, inayotumika sana kutuliza mania kwa haraka, ina balaa lake dogo linalozaa uvumi mkubwa. Ndani ya saa au siku chache baadhi ya wagonjwa, hasa vijana wa kiume, shingo inapinda upande, macho yanapanda juu na kubaki huko, ulimi unakaza, taya linabana. Ndugu wanaoliona wanasema jini limepanda, au hospitali wamempa sumu. Ni misuli tu iliyokazwa na dawa. Sindano ya promethazini au dawa ya benzheksoli huifungua, mara nyingi ndani ya nusu saa. Familia ikielezwa jambo hili mapema, mgonjwa hatoroshwi wodini usiku.

Kuacha dawa ghafla, hasa lithiamu, hurudisha kipindi kwa kasi. Ikiamuliwa kuachwa, hupunguzwa taratibu kwa angalau wiki nne, vizuri zaidi miezi mitatu. Anayekwenda kijijini kulima msimu mzima achukue dawa za kumtosha hadi atakaporudi mjini.

Mikesha

Kama familia inaweza kusimamia jambo moja tu nyumbani, isimamie usingizi. Kulala na kuamka saa zile zile, hata Jumapili. Mwaka wetu umejaa mikesha: matanga, harusi, maombi ya usiku, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wakikesha na madaftari kabla ya mitihani, mabasi ya alfajiri. Mwenye baipola hahitaji kutengwa na haya. Kwenye msiba anaweza kuwa zamu ya mchana, akasimamia maji na kuni, na saa nne usiku akaenda kulala kwa ndugu wa karibu. Mchungaji au shehe akiambiwa kwamba usiku mmoja usio na usingizi unaweza kumrudisha mtu wodini, wengi huelewa na kumpangia ibada ya mchana. Dawa na dua havigombani. Kinachogombana na dawa ni kukesha, na kuambiwa kwamba kumeza vidonge ni kukosa imani.

Makubaliano ya siku njema

Mambo ya fedha na ulinzi yapangwe mtu akiwa mzima, naye akiwa msemaji mkuu. Yaandikwe: dalili zangu mbili za kwanza ni hizi, dada fulani ndiye mwenye ruhusa ya kuniambia, hati ya kiwanja inakaa kwake, kwenye simu kunabaki pesa ya matumizi ya wiki, akiba iko kwenye akaunti inayohitaji saini mbili. Akisaini mwenyewe haionekani kama kunyang'anywa. Kama ameshauza kitu akiwa katika mania, msikae kimya kwa aibu. Sheria ya Mikataba inataka anayeingia mkataba awe na akili timamu wakati huo, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa iuzwe bila ridhaa ya mwenza. Nendeni kwa msaada wa kisheria na cheti cha daktari mapema.

Hali ikishapanda, azungumze naye mtu mmoja tu, yule anayemheshimu, kwa sauti ya chini. Wengine waondoke mlangoni. Funguo za bodaboda na visu viondolewe kimya kimya. Msibishane na unabii wake wala msimkubalie. Mwambieni mnaona hajalala siku tatu na mnataka asaidiwe usingizi, kwa sababu hilo halikatai. Kamba na minyororo huvunja ngozi na imani kwa pamoja, na mwakani atakapoanza kupanda tena hatakubali kuwaona.

Akiwa amezama, muulizeni waziwazi kama anafikiria kufa. Kuuliza hakumpi wazo. Mara nyingi kunamtua mzigo. Dawa ya panya na viuatilifu vya shamba vitoke nyumbani, akiba ya vidonge ashike mwingine, asiachwe peke yake, na siku hiyo hiyo aonwe hospitali.

Anaporudi nyumbani baada ya kulazwa, arudishiwe majukumu yake kidogo kidogo, yakiwemo yale ya kushika pesa ya sokoni. Mwajiri ampe zamu za mchana, kwani dawa za usiku humfanya awe mzito asubuhi katika wiki za mwanzo. Jirani amsalimie kama zamani na aache habari za wodini hadi mwenyewe atakapozileta. Ipo pia tabia moja inayowachosha wagonjwa kuliko matusi: kila akicheka kwa sauti au akikasirika kwa haki yake, mtu anamuuliza mbele za watu kama amemeza dawa. Mwenye baipola naye anafurahi na kuudhika kama wengine. Akicheza ngoma kwenye harusi ya mdogo wake, ulizeni pembeni amelala vipi usiku wa jana na wa juzi, na kama alilala kwa muda wa saa saba kila usiku, mwacheni acheze.